Feivel Garfinkel, Mlinzi wa Waya wa Sabato

Ndugu waombolezaji, wanaume wa upande huu na wanawake wa upande ule, kabla karatasi hii haijasomwa familia inawaomba jambo moja, kwamba yatakayosikika humu leo yabaki humu humu, yasivuke geti la makaburi haya ya Putte, yasipande basi la kurudi Antwerp, yasifike kwa mwoka mikate kesho asubuhi, na kwa kuwa sisi hatuapi ovyo, kila mmoja aseme tu moyoni mwake kwamba atanyamaza, bila nadhiri. Familia inashukuru. Mwandishi wa karatasi hii, Bibi Zlata Perlmuter, shemeji wa marehemu, aliahidi vivyo hivyo miaka kumi na minane iliyopita mbele ya Rabi Tevel, yeye na sinagogi zima, na ahadi hiyo ndiyo inayovunjwa leo, maana Rabi mwenyewe ametangulia, Hinde ametangulia, na aliyebaki akiubeba ukimya huo peke yake ndiye aliyelala hapa mbele yetu. Msomaji, ambaye ni mjukuu wa marehemu, Elchanan Bollag, ameombwa asiruke mstari hata kama uso utamwiva, na jambo lenyewe litasomwa mwishoni, kwa sababu likisomwa mwanzoni hakuna atakayesikiliza mengine.

Marehemu Feivel Garfinkel alizaliwa tarehe 11 Februari 1947 mjini Antwerp, katika chumba kimoja juu ya duka la vifungo, akiwa mtoto wa pekee wa marehemu Mzee Leib Garfinkel na marehemu Mama Tauba, ambao walitoka Poland baada ya vita wakiwa hawana tena ndugu wa kuwaandikia barua, hivyo mtoto huyo alipewa jina la babu yake, akatazamwa usiku na mchana kama anaweza kuyeyuka, na hakuruhusiwa kukimbia mpaka alipofikisha miaka saba. Tangu akiwa mdogo alikuwa na kazi yake ya Ijumaa, ambayo watu wa heshima hawapendi kuitaja msibani, nayo ni kukata karatasi za chooni vipande vipande kabla jua halijazama, kwa kuwa Sabato hatuchani kitu, na aliifanya kwa uangalifu, akipanga vipande kimoja juu ya kingine, hata wageni wakasema hakuna choo mjini kilichonyooka kama cha kina Garfinkel, na watoto wa jirani wakambandika jina la Feivel Karatasi, jina alilolichukia mpaka alipooa.

Marehemu alipata elimu ya msingi katika shule yetu ya wavulana kuanzia Septemba 1953 hadi Juni 1959, akaendelea na masomo ya Torati hadi 1963, kisha akapelekwa mwaka mmoja katika chuo cha Torati huko Uingereza, akarudi Antwerp mwaka 1964 na kikohozi, koti la kuazima ambalo hakuna aliyejua mwenyewe ni nani, na tabia ya kuuliza kila jambo mara mbili. Mwalimu wake alimwambia Mzee Leib, "Mzee, mtoto wako si mwepesi wa kuelewa, ila likimwingia halitoki," na Mzee Leib akamjibu, "Na mimi ndivyo nilivyo, na ndiyo maana niko hai." Kuanzia 1965 hadi 1967 marehemu alisomea ufundi umeme jioni, akiwa mwanafunzi pekee aliyetoka darasani kila Ijumaa kabla ya kengele, na wenzake wakimtania wakimwambia, "Kimbia, Feivel, Mungu wako anazima taa."

Kikazi marehemu aliajiriwa Oktoba 1967 katika duka la taa, na tarehe 3 Machi 1975 akafungua karakana yake mwenyewe nyuma ya stesheni, akitengeneza pasi, majiko na hasa saa za Sabato, zile zinazowasha na kuzima taa zenyewe ili mtu asiguse swichi siku isiyoguswa, na hakuna nyumba ya kwetu ambayo hakuipandia ngazi. Mwaka 1988 baraza la sinagogi lilimkabidhi kazi ya kulinda waya wa Sabato, naye akaifanya miaka kumi na tisa bila mshahara, kila Alhamisi akizunguka kwa baiskeli huku shingo imeelekea juu, akiangalia nguzo baada ya nguzo, kutoka ukuta wa reli mpaka kona ya mfereji, mara tatu akiingia kwenye matuta ya maua ya manispaa kwa kutotazama mbele. Jirani yao Godelieve, muuza maua, ambaye si wa kwetu, alipohamia mlango wa pili mwaka 2002 alimwona juu ya ngazi akamuuliza, "Bwana Feivel, hiyo waya yenu inashika redio gani?" naye akasema, "Haishiki redio, mama, ni ukuta," Godelieve akauliza, "Ukuta uko wapi?" naye akamweleza kwa subira, "Ndio huo. Ukiwa mzima, mtaa wote unahesabiwa nyumba moja, na ndani ya nyumba yako Sabato unaruhusiwa kubeba kitu. Ukikatika, kila mtu kwake, hata leso ya pua huitoi mlangoni." Godelieve akasema, "Na mtoto mchanga?" akajibiwa, "Na mtoto mchanga." "Na Hinde na kiti chake?" Marehemu akashuka ngazi moja. "Na Hinde."

Kuhusu ndoa, marehemu alimwoa Hinde Perlmuter, dada mkubwa wa mwandishi, siku ya Jumanne tarehe 16 Juni 1970, na jinsi walivyofahamiana haikupita kwa mshenga kama ilivyotangazwa wakati ule, bali kwa kosa. Marehemu aliitwa nyumbani kwa Mzee Perlmuter kufunga saa ya Sabato, akaifunga kinyume, ikazima taa wakati supu inapakuliwa na kuziwasha watu wote walipokuwa wamelala, na kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, familia ilikula kwa kupapasa, mjomba mmoja akala figili nzima akidhani ni samaki, na Jumapili asubuhi fundi akaja amejikunja mlangoni kuomba radhi. Aliyefungua ni Hinde. Akamtazama toka kofia hadi viatu, akamwambia, "Usiombe radhi, fundi. Gizani baba hakuona kwamba kuku alikuwa mdogo, na mimi nilikula paja." Marehemu hakuwa mtu wa kujibu haraka, akarudi nyumbani, akarudi tena Jumatano na jibu, nalo lilikuwa, "Ukitaka nitaikosea tena," na mshenga aliitwa baadaye ili mambo yaonekane yamekwenda kwa utaratibu.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Brandel, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1972, na baada yake wengine wawili ambao hawakukaa, mmoja siku chache na mwingine hata siku moja, nao wamelala mstari wa tatu kutoka hapa, na marehemu alipita kwao kila alipokuja Putte kwa maziko ya mtu yeyote, akawafuta vumbi, akarejea basini akiwa wa mwisho. Brandel aliolewa mwaka 1993 na Daktari Wolf Bollag wa Zurich, familia ya watu wazito, wenye vyombo vya fedha na maneno machache, ambao mbele yao sisi wote tulikaa tumebana viwiko, na tarehe 14 Juni 1994 akazaliwa mjukuu wa pekee, Elchanan, huyu anayesoma, ambaye Sabato yake ya kuitwa kusoma Torati, akiwa ametimiza miaka kumi na mitatu, ilianza asubuhi kama sherehe zote na kumalizika karibu saa tano usiku, kwa sababu kina mama walikwama sinagogini na vigari vya watoto wao mpaka giza lilipoingia, wakilishana viazi vya kuoka na kubadilishana nepi, na hiyo ndiyo Sabato tuliyokatazwa kuitaja.

Ugonjwa uliingia nyumba hiyo kabla ya hapo kupitia kwa Hinde. Neva zake zilianza kumsaliti mwaka 1999, na kuanzia masika ya 2001 hakusimama tena, na kuanzia hapo kila Sabato, mvua ama jua, marehemu alimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu kwenda sinagogini na kumrudisha, yeye amevaa kofia yake ya manyoya na Hinde amevaa kofia yake yenye ua, Hinde akizungumza njia nzima na yeye akisema "ndiyo" mahali panapostahili, na walipita hivyo mbele ya madirisha yetu kwa uhakika hata wengine tulisawazisha nao saa. Hinde alifariki tarehe 10 Februari 2009. Baada ya hapo marehemu alipika mwenyewe, vibaya, akakataa kuhamia kwa Brandel, na jambo moja lililowachekesha watoto wa mtaani ni kwamba Sabato hakuweka tena kitu chochote mfukoni, hata waya ulipokuwa mzima, leso yake aliifunga kwenye kifundo cha mkono kama vazi, na mtoto akimuuliza alisema, "Mfuko wangu umetoboka."

Kazi ya waya aliiacha Julai 2007. Hilo mnalijua, na mnajua pia yaliyosemwa, kwamba Feivel hakukagua Alhamisi ile, na wengine wakasema vibaya zaidi, kwamba alikagua, alijua, akawaacha wanawake wa watu wabebe watoto wao kwenye makosa huku yeye akijilinda mwenyewe. Kuna nyumba zilizoacha kumwita kwa ajili ya taa zao. Kuna watu humu, na majina yao yanajulikana ila msomaji hatayataja maana amekataa katakata, waliovuka barabara walipomwona, na yeye aliwasalimia vile vile kwa kuinua kofia, upande wa pili wa barabara.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2022, akapata kiharusi tarehe 19 Septemba 2025, akalazwa hospitalini, ambako mkono wa kushoto haukurudi ila maneno yalirudi kidogo kidogo, na ambako aligombana kwa adabu na kitanda cha umeme, maana siku ya Sabato hakutaka kubonyeza kitufe cha kuinua mgongo ingawa aliambiwa na rabi wa sasa kwamba mgonjwa anaruhusiwa, akasema, "Anayeumwa moyo anaruhusiwa, mgongo wangu ni mzima," mpaka muuguzi wa zamu akajifunza kuingia na kusema, "Mimi nimechoka kukuona umelala bapa," na kukiinua kwa raha zake mwenyewe. Huko ndiko shemeji yake alikompelekea supu kila siku, na huko, wiki mbili kabla ya mwisho, akamsimulia Zlata jambo hili lote na kumwambia, "Usimwambie mtu," neno ambalo mtu aliyekaa na Zlata miaka hamsini na mitano, akiwa na akili zake timamu, hawezi kumwambia kama kweli hataki lisemwe. Alifariki Jumatatu tarehe 3 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, mikononi mwa Brandel, katika mwezi wetu usio na sikukuu hata moja, hivyo hakumharibia mtu shughuli.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule wa kitanda, kwa wanaume wa chama cha mazishi waliomwosha na kumvika sanda jana usiku, kwa mafundi umeme wenzake waliofunga karakana zao leo, kwa majirani, na kwa Bibi Godelieve, ambaye amefunga meza yake sokoni akaja mpaka hapa, na ambaye ameambiwa hatuleti maua makaburini, akasema anajua, akabaki ameshika mikono yake. Familia inawashukuru pia watoto wa Rabi Tevel, na inawaomba wasinyanyuke wakati wa sehemu inayofuata, kwa sababu haimdhalilishi baba yao, alihukumu kwa sheria na sheria ilikuwa upande wake.

Basi. Siku ya Sabato tarehe 23 Juni 2007, baada ya usiku wa upepo mkali, marehemu alitoka alfajiri kwenda kujitosa kwenye maji ya twahara kama kawaida yake, na kwenye kona ya mfereji aliona nguzo imeinama na waya, ambao Alhamisi aliukagua kwa macho yake na kuukuta mzima, umelala chini kwenye majani. Hakuna wa kuutengeneza, Sabato imeshaingia. Pale pale akatoa leso mfukoni na kuifunga mkononi, kisha akaenda kwa Rabi, akamkuta anakunywa chai, akamweleza. Rabi Tevel akamuuliza, "Nani mwingine ameona?" "Mimi tu, Rabi." "Basi usiseme. Vigari vinaanza kutoka nyumbani sasa hivi. Asiyejua amekosa bila kujua, na hilo linasameheka. Tukitangaza, nusu watarudi na nusu watabeba hivyo hivyo, kwa kuwa kuna sherehe, na hao ndio watakuwa wamekosa kwa makusudi, na mimi na wewe ndio tutakuwa tumewafikisha hapo." Marehemu akasema, "Na Hinde?" Rabi akaweka kikombe chini. "Hinde hajui. Lakini wewe unajua, Feivel. Siwezi kukufanya usijue." Na mtu anayejua hawezi kusukuma, wala kumtuma mwingine amsukumie, na kama angemdokezea Godelieve bila kumwomba, naye akamsukuma Hinde mpaka sinagogini, jambo linaloruhusiwa kwa asiye wa kwetu, mtaa mzima ungejiuliza kwa nini, na kabla ya kufika dukani kwa muuza samaki wangekuwa wameshajibu.

Alipofika nyumbani Hinde alikuwa amekwisha vaa, kofia ya ua kichwani, bruchi, ile pini ya pambo ya mama yake, kifuani, kiti kimeelekea mlangoni. "Umechelewa," akamwambia. "Wakwe wameshapita, nimewaona dirishani, Bibi Bollag amevaa kijivu kama kawaida." Marehemu akasema, "Hinde, leo... mgongo wangu." "Mgongo wako? Juzi umebeba friji ya watu ghorofa ya tatu." "Ndio hiyo hiyo friji." "Basi mwite Zlata anisukume." "Hapana." "Hapana?" Akamtazama, na Hinde alikuwa na macho yale yanayokuta kitu hata kisipokuwepo. "Ni Bibi Bollag, siyo? Hutaki aone kiti. Mtoto wa watu wa fedha amejitwalia mke ambaye mama yake ni wa kusukumwa kama toroli." Marehemu hakuweza kusema siyo, maana akisema siyo ataulizwa ni nini, na hakuwahi kumdanganya mwanamke huyu zaidi ya huo mgongo, uliokuwa umemkaa mdomoni kama mfupa. Hinde akavua bruchi. Akavua kofia, akaviweka vyote viwili mapajani. "Nenda mwenyewe. Mwambie mtoto bibi ana homa. Maisha yako yote hujui kusema uongo, leo umeanza vizuri, malizia."

Alitoka, akafika getini, na Hinde alisema baadaye kwamba alimsikia amesimama pale, hasogei. Kuna njia moja. Kila aliyesoma anaijua, na Rabi pia aliijua, na hakuitaja kwa sababu haifanyiki kwa siri, nayo ni kwamba kwenye shida mtu anaweza kusogeza kitu pungufu ya dhiraa nne, hatua mbili tatu tu, akasimama kabisa, akapumua, akasogeza tena, hivyo hivyo mpaka afike. Ila kizingiti cha nyumba hakivukwi namna hiyo. Godelieve alikuwa nje anapakia ndoo za maua kwenye gari la soko, dereva anapiga honi, na marehemu, asiyeruhusiwa kuomba waziwazi siku ya Sabato, akasema akitazama mawingu, "Kiti cha Hinde kiko ndani, na sherehe iko nje." Godelieve akashusha ndoo. "Ninyi hamuombi, Bwana Feivel, mnatabiri hali ya hewa." Akaingia, akamtoa Hinde na kiti chake mpaka barabarani, Hinde akiwa amenuna na kofia bado mapajani, akasema angemfikisha lakini gari linaondoka, akakimbia.

Marehemu akashika vishikio. Akasukuma kidogo, akasimama. Akasukuma kidogo, akasimama. Karibu na duka la dawa Hinde akashindwa, akasema bila kugeuka, "Feivel, unanifanyia nini? Sukuma kama mtu." Akasimama tena, na aliposimama mkono wake ulikuwa karibu na bega la Hinde, na Hinde akaona leso. Akaitazama. "Mgongo umeanza kukuuma lini?" "Alfajiri." "Na Rabi anajua kuhusu mgongo?" "Anajua." "Akasema nini?" "Akasema mgongo hausemwi." Wakasogea na kusimama, wakasogea na kusimama, mpaka mbele ya muuza samaki, ndipo Hinde akasema kwa sauti ambayo dada yake hakuwahi kuisikia kwake, mpaka alipoirudia baadaye akimsimulia, "Kwa hiyo si kiti." "Kiti gani?" "Changu. Mbele ya Bibi Bollag." Marehemu akasimama pasipo kuwa pa kusimama. "Hinde. Nikuonee haya wewe?" Hinde akavaa kofia yake, akalinyoosha ua, akabana bruchi kifuani, akasema, "Sogeza basi, mtoto atamaliza kusoma."

Sinagogini madirisha yote yalikuwa wazi kwa joto la baada ya mvua. Ghorofani, upande wetu, Zlata alikuwa dirishani akisingizia kutafuta hewa, na akauliza, "Yule si Feivel?" Raizel, mke wa mwoka mikate, aliyeacha kigari cha mapacha wake uani pamoja na vingine vyote, akachungulia. "Ndiye. Mbona wanasimama?" "Kiti kimeharibika." "Kimeharibika nini, si kinaenda." "Kinaenda, kinasimama. Labda wamegombana." "Feivel hagombani. Hinde hugombana peke yake." Tukacheka, na kwa nyuma yetu Bibi Bollag wa Zurich, mama mkwe wa Brandel, ambaye tangu Ijumaa hakuwa amesema maneno zaidi ya kumi, akasimama, akaja dirishani, akatazama chini barabarani kwa utulivu. "Kwetu hatuna waya," akasema. "Mama yangu nilimsukuma hivyo hivyo miaka tisa." Na macho yake yakajaa, mwanamke yule wa kijivu, akiwa amemtazama Hinde na si mtu mwingine.

Raizel alikuwa wa kwanza kuelewa. Aligeuka akatazama vigari uani, akashika mdomo. Neno likashuka ngazi kwenda kwa wanaume kwa kasi ambayo hakuna simu imewahi kuifikia, usomaji ukasimama, Elchanan akabaki na kidole hewani juu ya Torati, kofia za manyoya zikajaa madirishani, wengine wakatoka mlangoni kabisa, na mbele yao wote akatoka Rabi Tevel na joho lake la sala, uso mweupe kama joho lenyewe. Marehemu alikuwa amebakiza upana wa barabara. Aliinua macho akatuona sote, juu na chini, mtaa mzima aliouchunga miaka kumi na tisa, na mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye vishikio.

Hapa ndipo panapotakiwa kusemwa lile ambalo halijawahi kusemwa, kwamba Sabato ile jioni Rabi Tevel alitaka kusimama na kutangaza kwamba ukimya ulikuwa amri yake, na marehemu ndiye aliyemzuia, akamwambia, "Rabi, mtaa unaweza kupata mlinzi mwingine wa waya. Usiufanye uanze kutafuta rabi mwingine," na wakakubaliana hivyo, na mmoja akaishi na heshima na mwingine akaishi na upande wa pili wa barabara.

Lakini asubuhi ile alisimama tu. "Feivel," akaita Rabi kutoka mlangoni. "Naam, Rabi." "Unafanya nini?" Marehemu akafungua mdomo akaufunga, kwa kuwa alikuwa amekatazwa kusema na hakuwahi kuvunja katazo kwa ulimi wake, na barabara nzima ikamngoja, hata watoto kwenye vigari, na aliyejibu ni Hinde, ameketi wima, kofia imenyooka, bruchi imerudi kifuani mwake.

"Ni mgongo, Rabi," akasema kwa sauti ya kutufikia sote. "Umemkamata tangu alfajiri."

Hakuna aliyeamini, na hakuna aliyecheka. Feivel Garfinkel akasogeza kiti hatua mbili, akasimama, mbele ya macho yetu yote, akasogeza tena.

Nenda ukapumzike, shemeji, Hinde yuko mstari wa tano.